Mashine ya kupasulia kuni inaposhindwa kazi: dalili, vyanzo na marekebisho salama kwa watumiaji wa Goma

Mashine ya haidroliki, yaani inayosukuma kwa shinikizo la oili, ya kupasulia kuni inaposimama katikati ya gogo, mafundi wengi hukimbilia kukaza skrubu ya vali ya usalama (ile inayoachia oili shinikizo likizidi) ili kuongeza shinikizo. Ni tabia inayopaswa kuachwa. Hitilafu nyingi zinazofanana na upungufu wa shinikizo hutoka kwingine kabisa: oili imepungua, mpira wa kufyonzea unavuta hewa, injini haipumui vizuri, kabari imepinda, au gogo limekatwa mshazari. Kuongeza shinikizo juu ya hitilafu hizo hakuondoi chanzo, bali hupasua mipira, hukunja boriti na kumweka mfanyakazi mbele ya chuma na oili vyenye nguvu asiyoweza kuizuia. Kwa hiyo, kabla ya kubadilisha chochote kwenye mashine, sharti ijulikane kwanza inaugua nini.

Mashine inayozungumziwa hapa ni ile inayolaza gogo juu ya boriti ya chuma, silinda ikilisukuma gogo dhidi ya kabari, au ikiisukuma kabari dhidi ya gogo, kwa pampu inayozungushwa na injini ndogo ya petroli ya nguvu za farasi 6 hadi 7. Kifaa cha kwanza cha kununua kwa ajili ya mashine hiyo ni manometa (saa ya kupimia shinikizo) iliyojazwa gliserini, yenye uwezo wa kupima hadi bari 400 (bari ni kizio cha shinikizo), ifungwe moja kwa moja kwenye njia ya shinikizo kati ya pampu na vali ya kuongozea, ile yenye mkono wa kuendeshea silinda. Bila manometa, kila anayeitengeneza mashine anakisia, hata awe na uzoefu wa miaka mingi.

Injini inazimika mzigo unapoingia

Hii ndiyo dalili inayostahili kuchunguzwa kwa muda mrefu zaidi hapa Goma, kwa sababu mji uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Injini ya petroli isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa) hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za kupanda, na hivyo injini iliyoandikwa nguvu za farasi 6.5, yaani kilowati 4.8, hubaki na karibu kilowati 4.1 inapofanya kazi katika mtaa wa Ndosho au Katindo. Kibandiko kilichopo juu ya injini hakilijui jambo hilo, na aliyeioanisha na pampu huko kiwandani hakuipanga kwa ajili ya mwinuko huu.

Hesabu yake ni rahisi na kila fundi anaweza kuifanya: zidisha bari kwa lita za pampu kwa dakika, gawanya kwa 600, kisha gawanya tena kwa 0.85 ili kufidia nguvu zinazopotea ndani ya pampu. Jibu ni kilowati zinazohitajika. Pampu ya hatua mbili ambayo ni ya kawaida kwenye mashine hizi hutoa takriban lita 42 kwa dakika shinikizo likiwa dogo, na takriban lita 11 shinikizo linapokuwa kubwa. Lita 11 kwa bari 200 zinadai kilowati 4.3, ambazo injini yetu haina tena. Lita hizo hizo kwa bari 170 zinadai kilowati 3.7, na hizo inazo. Ndiyo maana mahali hapa marekebisho sahihi mara nyingi ni kuilegeza vali ya usalama hadi bari 170 badala ya kuikaza. Silinda yenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10 itashuka kutoka nguvu ya tani 16 hadi tani 13 na ushei, nguvu ambazo bado zinatosha kwa magogo mengi ya mkaratusi, na injini haitazimika tena. Asiyekubali kupoteza tani hizo anunue injini kubwa zaidi. Hiyo ndiyo njia ya haki.

Ni muhimu pia kuangalia injini inazimika wakati gani hasa. Ikizimika mwishoni, kabari ikiwa imekwisha kuzama na sindano ya manometa iko juu, chanzo ni upungufu wa nguvu ulioelezwa hapo juu. Ikizimika mapema, mara tu gogo linapoigusa kabari, basi pampu inachelewa kuhama kutoka hatua ya kwanza kwenda ya pili. Lita 42 kwa bari 60 zinadai karibu kilowati 5, mzigo mkubwa kuliko ule wa mwisho wa safari. Vali ndogo ya kuhamisha hatua, iliyo ubavuni mwa pampu, irekebishwe ili ihame kati ya bari 35 na 45; ikiwa haiitikii marekebisho, ifunguliwe isafishwe, kwani chembe moja ya chuma yatosha kuikwamisha.

Moshi mweusi na plagi yenye masizi hueleza habari nyingine: kabureta inatoa petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Jeti kuu ya kabureta iliyotobolewa kwa ajili ya maeneo ya chini ni kubwa mno kwetu, na inafaa kubadilishwa kwa ndogo yake. Kabla ya hapo, kichujio cha hewa kisafishwe, kwa kuwa vumbi la mawe ya volkano ni laini na hujaza sponji upesi. Petroli ya chupa inayouzwa na makadhafi, yaani wachuuzi wa petroli wa kando ya barabara, ichujwe kwa kitambaa kizito na iachwe itulie ili maji yakae chini, kisha imiminwe taratibu.

Injini inayokatika ghafla bila kukohoa, halafu ikawaka tena baada ya kusogezwa, kwa kawaida haina ugonjwa. Nyingi za injini hizi zina kihisi kinachozima moto oili ya injini inapopungua, na mashine ikiinamia upande mmoja juu ya mawe ya lava, kihisi hudhani oili imekwisha. Pima oili, kisha isawazishe mashine. Usiukate waya wa kihisi.

Pistoni inakwenda polepole, au haina nguvu

Hapa manometa huamua karibu kila kitu. Bana gogo gumu, sukuma mkono wa vali, na usome. Sindano ikifika bari 170 au zaidi na gogo halipasuki, mfumo wa haidroliki ni mzima na tatizo liko kwenye kabari au kwenye gogo lenyewe. Sindano ikikomea bari 40 au 50 huku injini ikinguruma bila kulemewa, gia ndogo za pampu zimechakaa au vali ya kuhamisha hatua imekwama wazi. Ikikomea katikati, kwa mfano bari 90, wanaoshukiwa ni watatu: vali ya usalama iliyolegea au yenye uchafu kwenye kiti chake, vali ya kuongozea inayovuja kwa ndani, na sili (pete za kuzuia oili isipite) za pistoni.

Ili kuzitenga sili za pistoni, isukume fimbo (chuma kinachotoka ndani ya silinda) hadi mwisho wake wa kutoka, zima injini, na uuchezeshe mkono wa vali mbele na nyuma ili shinikizo lililobaki liishe. Fungua mpira wa upande wa fimbo pale kwenye silinda, uuzibe kwa kizibo cha chuma chenye nati, na uweke ndoo chini ya tundu la silinda lililobaki wazi. Washa injini kwa mwendo mdogo na usukume mkono kuelekea mbele. Matone machache hayana neno. Oili ikitiririka bila kukatika, inapita kando ya pistoni, na silinda lazima ifunguliwe. Anayefanya jaribio hili asimame pembeni, kamwe asiwe mbele ya tundu.

Mashine ambayo tangu iundwe ni ya polepole, ijapokuwa hakuna kinachovuja, huwa na silinda kubwa kuliko pampu yake. Fundi aliyepata silinda ya buldoza yenye kipenyo cha sentimita 15 hufurahia tani zake, lakini silinda hiyo inahitaji karibu lita 8 za oili ili kusogea sentimita 45 tu, na pampu ya lita 12 kwa dakika itatumia sekunde 40 kwa safari hiyo. Zaidi ya hayo, bari 160 tu ndani ya silinda hiyo huzaa tani 28, na boriti iliyotengenezwa kwa tani 15 itaanza kukunjika kwenye maungio ya kabari. Kwa maoni yangu, silinda ya sentimita 10 au 11 ndiyo inayofaa kwa kazi nyingi za mjini.

Fimbo isiyorudi kabisa ni dalili ya kawaida kwa mashine zilizoundwa kwa silinda ya lori la kumwaga mchanga. Silinda nyingi za aina hiyo husukumwa na oili upande mmoja tu na hurudishwa na uzito wa bodi la lori. Juu ya boriti iliyolala hakuna uzito wa kuirudisha. Kufunga springi kali ili kuivuta ni kuanzisha hatari mpya. Badilisha silinda, uweke yenye matundu mawili.

Injini ikizunguka lakini fimbo haisogei hata kidogo na manometa iko sifuri, anzia kwenye kiungo kati ya injini na pampu. Nyota ya mpira iliyo katikati ya vipande viwili vya chuma huchakaa, na kibao kidogo cha ufunguo kwenye shafti hukatika.

Pampu inalia, oili inatoa povu au inachemka

Mlio mkali unaofanana na wa changarawe ndani ya mkebe humaanisha kuwa pampu inakosa oili na inavuta utupu. Kwetu hali hii hutokea upesi zaidi kuliko pwani, kwa sababu hewa inayoikandamiza oili ndani ya tangi kuelekea kwenye pampu ni pungufu kwa takriban asilimia 16. Mpira wa kufyonzea wa inchi 1 uliokuwa ukitosha kwenye usawa wa bahari huwa kwenye mpaka wa uwezo wake, na ninapendekeza kuubadilisha kwa mpira wa inchi 1¼, mfupi iwezekanavyo, usio na kona kali, wenye waya ndani ili usibonyee. Tangi liwekwe juu kuliko pampu ili oili ishuke yenyewe. Mabadiliko haya mawili ni ya gharama ndogo, na sijui mengine yanayorefusha maisha ya pampu kuliko hayo.

Povu linalotoweka mashine ikipumzishwa saa moja ni hewa, na huingia kwenye viungo vya mpira wa kufyonzea bila hata tone la oili kuonekana nje, kwa kuwa pale mfumo unavuta ndani. Paka grisi kiungo kimoja baada ya kingine mashine ikiwa inazunguka. Mlio ukibadilika, umekipata. Oili nyeupe kama maziwa isiyosafika hata baada ya kulala usiku kucha ina maji, na haina dawa isipokuwa kumwagwa yote, tangi kuoshwa na oili mpya kutiwa. Mvua za hapa ni nyingi, na kifuniko cha tangi kisicho na mpira hukaribisha maji kila wiki. Kwa baridi ya wastani ya Goma, oili ya haidroliki ya daraja la uzito la 32 au 46 inafaa. Oili nzito ya injini iliyobaki gereji huifanya pampu ilie kila asubuhi.

Joto likizidi kiasi kwamba tangi haliguswi kwa kiganja, kwa kawaida kuna mtu anayeubana mkono wa vali wakati fimbo imefika mwisho. Oili yote hupita kwenye vali ya usalama na nguvu zote za injini hugeuka joto. Juu ya nyuzi 80 za Selsiasi sili huanza kukauka na kupasuka. Rudisha mkono katikati mara gogo linapoachana.

Gogo linakwama, linaruka au linapinduka

Gogo linaloruka kutoka kwenye boriti ni hatari kuliko hitilafu zote zilizotajwa hadi sasa, na mara nyingi chanzo chake ni msumeno. Magogo ya mkaratusi yanayoshuka kutoka eneo la Masisi huja yamekatwa kwa haraka, ncha zikiwa za mshazari, na gogo la namna hiyo husukumwa kwa ukingo mmoja tu. Ncha zikatwe wima kabla ya kupandishwa. Bamba la kusukumia liwe na meno mafupi ya chuma ili lishike mti, na kabari isimame katikati kabisa ya mstari wa silinda. Ikiwa imepinda hata sentimita moja, itasukuma kila gogo upande uleule.

Mkaratusi hupasuka kwa urahisi ukiwa mbichi na huwa mgumu kadiri unavyokauka. Nyuzi zake mara nyingi huzunguka na hukataa kuachana. Kwa gogo pana, anzia pembezoni, ukimenya kipande baada ya kipande, badala ya kulipasua katikati. Gogo lenye vifundo likisimamisha fimbo mara mbili, litolewe, ligeuzwe upande wa pili. Lisipondwe kwa shinikizo.

Gogo likirudi nyuma pamoja na kabari, mashine haina vizuizi vya kung'oa. Chomelea vipande viwili vya chuma chenye pembe, kimoja kila upande wa boriti, vikiwa karibu na ubavu wa kabari bila kuigusa, ili gogo lijivue lenyewe fimbo inaporudi. Hivyo mfanyakazi hatalipiga kwa shoka wala kuingiza mkono.

Kabari ya pande nne huvutia kwa sababu inatoa vipande vinne kwa safari moja. Kwa mashine iliyopunguzwa hadi bari 170 siipendekezi, isipokuwa kwa magogo manyoofu yenye kipenyo kisichozidi sentimita 25. Atakayeiweka arudishe mabawa ya ulalo nyuma ya ukali wa kabari ya wima kwa sentimita 5 hadi 8, ili mti ufunguke kwanza kwa wima kabla ya mabawa kuanza kudai nguvu zake. Mabawa hayo yaweze kuchomolewa.

Mgongo unauma, vidole viko hatarini

Maumivu ya mgongo nayo ni dalili ya hitilafu ya mashine. Boriti iliyo chini ya goti humlazimisha mfanyakazi kuinama kila gogo linapopandishwa na kila kipande kinapookotwa. Inyanyue hadi sentimita 75 au 90 kutoka ardhini, kisha uweke meza ya chuma pande zote mbili ili vipande visiangukie miguuni na nusu inayohitaji kupasuliwa tena isiokotwe chini. Mashine iliyonyanyuliwa huhitaji miguu mipana ya kurekebishika kwa skrubu, kwani juu ya lava hakuna mahali palipo sawa. Magogo mazito yawekewe ngazi ya mabomba mawili yenye mteremko mdogo, mwanzo wake ukilingana na kimo cha ubao wa chukudu (chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo), ili gogo livingirishwe kutoka kwenye chukudu bila kubebwa kifuani.

Mkono wa vali usifungwe kwa waya wala kukandamizwa kwa goti. Mkono kujishikilia wenyewe bila kushikwa kuruhusiwe wakati wa kurudi tu. Wakati wa kusukuma, mkono ukiachiwa, fimbo lazima isimame. Kiwango cha Ulaya cha EN 609-1 kinachohusu mashine za kabari kimejengwa juu ya wazo la mikono miwili: mikono yote ikiwa imeshika vyuma, hakuna kidole kinachoweza kuwa kati ya gogo na kabari. Fundi wa hapa anaweza kulitekeleza kwa kuongeza mkono wa pili wenye springi, ambao usiposhikwa huweka kizuizi cha chuma mbele ya mkono wa vali. Mikono hiyo iachane kwa angalau sentimita 55, ili mtu asiibane yote miwili kwa kiganja na kiwiko kimoja. Anayepanga gogo awe ndiye huyohuyo anayeendesha. Nimeona mara nyingi kijana akishikilia gogo huku mwenzake akiendesha, na hakuna desturi ninayotamani zaidi kuiona ikikoma.

Uvujaji na uchomeleaji

Mipira ya upande wa shinikizo iwe na waya tabaka mbili na imeandikwa shinikizo la kazi linalozidi lile la vali ya usalama. Mpira wa maji uliokazwa kwa kola hauna nafasi pale. Tundu dogo lisitafutwe kwa mkono: pitisha kipande cha kartoni, kwa kuwa oili ya bari 170 hutoboa ngozi na kuingia ndani ya nyama. Kidonda huonekana kidogo na hakiumi sana saa za mwanzo, lakini chahitaji daktari wa upasuaji siku hiyohiyo bila kusubiri, na daktari aambiwe waziwazi kuwa ni oili ya haidroliki iliyoingia kwa shinikizo.

Kabla ya kuchomelea chochote, waya wa ardhi wa mashine ya kuchomelea ubanwe karibu kabisa na mahali pa kazi, ili umeme usipite kwenye fimbo ya silinda au beringi za pampu. Tangi lililowahi kuwa na oili lisichomelewe kabla ya kuondolewa na kuoshwa. Kabari ya bamba la chuma laini lenye unene wa milimita 20 hadi 25 inatosha, na haihitaji ukali wa shoka. Anayetumia chuma cha springi ya lori akipashe joto hadi karibu nyuzi 250, atumie elektrodi kavu za E7018, kisha akifunike kwa majivu makavu kipoe polepole. Kikipoa ghafla hupasuka, wakati mwingine siku kadhaa baadaye, mzigo ukiwa juu yake.

Baada ya badiliko lolote, endesha fimbo kwenda na kurudi bila gogo hadi hewa itoke, pima oili fimbo ikiwa ndani, kisha pasua gogo jembamba huku mtu mmoja tu akiwa karibu na macho yake yakiwa kwenye manometa. Maungio mapya yakaguliwe tena baada ya saa ya kwanza ya kazi, injini ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa waya.